Risala ya Wafanyakazi wa Mauzo na Usambazaji Kuhusu Majina Yaliyochukuliwa Kwenye Simu za Kampuni

Ndugu Mkurugenzi Mtendaji,
Ndugu Meneja Rasilimali Watu,
Ndugu wajumbe wa menejimenti,

Simu ni mali ya kampuni, na hilo hatubishani nalo. Mlizinunua ninyi, bando mnalipia ninyi, na bila hizo hatuwezi kupokea oda za maduka ya Mbagala wala kufunga hesabu za Gongo la Mboto. Tunachokuja kulalamikia ni watu waliomo ndani ya simu hizo. Mama zetu, wakwe zetu, walimu wa watoto wetu na wenye nyumba wetu hawajaajiriwa na kampuni hii. Hakuna aliyewauliza lolote kabla majina na namba zao hazijahamia kwenye kompyuta za makao makuu.

Mwaka jana tuliambiwa tukabidhi simu ghalani ziwekewe programu mpya ya oda. Fomu tuliyosaini wakati wa kuzichukua ilikuwa ya Kiingereza, na msimamizi alisema ni ya kuthibitisha kwamba umepokea simu, basi. Wiki chache baadaye bando likawa linaisha kabla ya wakati wake. Mwenzetu mmoja alipoingia kwenye mipangilio akakuta programu ya pili, ambayo haina hata alama kwenye skrini. Ilikuwa na ruhusa ya kusoma majina yote, kumbukumbu za simu zilizopigwa na kupokewa, na mahali simu ilipo usiku na mchana. Alipojaribu kuizima, simu ilimjibu kwamba msimamizi wa kifaa amezuia.

Tungeweza kudhani ni uzembe wa mafundi wa TEHAMA, kama isingekuwa ile karatasi. Mwenzetu mwingine aliitwa kujieleza kwa nini alichelewa kazini. Mezani akawekewa orodha iliyochapishwa ya namba alizopiga, zikiwa na majina vilevile kama alivyoyahifadhi yeye, na baadhi yamepigwa kalamu ya njano. "Katibu wa Chama" lilipigwa njano. "Wakili Temeke" lilipigwa njano. Akaulizwa wakili wa nini. Habari ya kuchelewa haikuzungumzwa tena, lakini alitoka pale na barua ya onyo.

Ndugu viongozi, orodha ya majina peke yake inatosha kumvua mtu nguo, hata kama hakuna ujumbe uliofunguliwa. Watu hawahifadhi majina ya kwenye vitambulisho. Wanaandika "Nesi CTC", "Mama Kikoba", "Ananidai Kimara", "Dalali Chanika". Anayeona "Nesi CTC", yaani nesi wa kliniki ya VVU, inapigwa kila mwezi atajiona tayari ameijua afya ya mfanyakazi, au ya mke wake, au ya mtoto wake. Na huenda amejua uongo, kwa sababu nesi huyo ni dada wa mfanyakazi na wanasalimiana tu. Kwa vyovyote, mtu huyo ofisini ndiye anayepanga nani apewe njia ya Tegeta na nani asiongezewe mkataba. Hili ndilo linalotuumiza kuliko yote, na wapo wenzetu ambao sasa wameyafuta majina ya wauguzi wao na kuyaandika kwenye daftari.

Ibara ya 16 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977 inalinda faragha ya mtu, familia yake na mawasiliano yake binafsi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa awe na lengo halali, amjulishe mhusika, na asichukue zaidi ya anachohitaji. Taarifa za afya ni taarifa nyeti na zinahitaji ridhaa ya maandishi. Nesi wa CTC hajaridhia. Mteja wa duka ana sababu ya kuwa kwenye mfumo wenu, mama mkwe hana.

Nchi hii imekwishaona majina ya simu yakiangukia mikononi mwa watu yanafanya nini. Waliokopa kwenye programu za mikopo wameona ndugu, mabosi na wachumba wao wakitumiwa ujumbe wa kuwadhalilisha, hadi Benki Kuu mwezi Novemba 2024 ikatangaza orodha ya programu 69 zisizo na leseni. Hatusemi kampuni yetu ina nia hiyo. Tunasema orodha ya aina ileile sasa ipo ofisini kwenu, na hatujui nani ana nywila yake.

Tumewahi kujibiwa kwamba hata mzazi hukagua simu ya mtoto wake. Wengi wetu ni wazazi, na tunakagua. Lakini mzazi humkalisha mtoto, akamuuliza huyu ni nani na mmefahamiana wapi, na kadiri mtoto anavyokua ndivyo mzazi anavyolegeza mkono. Sisi ni watu wazima mnaotukabidhi magari na fedha za mauzo ya siku nzima. Wengine wamesema tutumie simu zetu wenyewe kwa mambo ya nyumbani. Waraka wenu ndio uliokataza simu ya pili wakati wa kazi.

Mengine tunayakubali. Fuatilieni gari na simu wakati wa zamu. Namba za wateja ni za kampuni. Zuieni programu za kubeti, na simu ikiibwa ifungeni na mfute kila kitu kutoka mbali.

Tunadai usomaji wa majina na kumbukumbu za simu usimame leo, na yaliyokwisha kuchukuliwa yafutwe mbele ya wawakilishi wetu. Kabla ya kufutwa, kila mfanyakazi aoneshwe kilichochukuliwa kwake, aambiwe kwa Kiswahili na kwa maandishi kilihifadhiwa wapi na nani alikisoma. Simu za Android zina uwezo wa kutenga sehemu ya kazi tangu toleo la 5.0 la mwaka 2014: programu za ofisi hukaa upande wao zikiwa na alama ya mkoba, na msimamizi haoni majina wala ujumbe wa upande wa pili. Wekeni hiyo. Mkishindwa, futeni katazo la simu ya pili. Barua zote za onyo zilizotokana na orodha za simu ziondolewe kwenye mafaili, kwa kuanzia na ya mwenzetu aliyeulizwa habari za wakili. Kuwasiliana na chama cha wafanyakazi ni haki yetu chini ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, na asiulizwe mtu tena kwa nini alimpigia katibu.

Tunawapa siku 14. Zikipita bila jibu, tutapeleka malalamiko Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na suala la barua za onyo tutalifikisha Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Jibu lije kwa maandishi kupitia katibu wa tawi, na nakala ibandikwe kwenye ubao wa matangazo wa ghala.

Ni sisi wafanyakazi wa Idara ya Mauzo na Usambazaji, Dar es Salaam.