Miezi sita ni umri wa kampuni, si wa mtoto

MLANGO WA BAHARI
Na Mwanakombo Shali

Kampuni nyingi za meli za kitalii hazimpokei mtoto aliye chini ya miezi 6. Safari ikiwa ya kukata bahari kuu, kama kutoka Ulaya kwenda Marekani, umri hupanda hadi miezi 12. Ndiyo kanuni ya Royal Caribbean, ya Disney, na ya Cunard wenye Queen Mary 2, meli inayovuka Atlantiki baina ya Southampton na New York. Wazazi wakiisoma hupata walichokuwa wakikitafuta: mwanetu ametimiza miezi saba, ruhusa ipo, twende.

Wiki hii nataka kuzungumza na wazazi hao, maana siku hizi baadhi yao ni watoto wetu. Ni vijana wa Mombasa, Unguja na Dar waliojenga maisha yao London, Minneapolis au Toronto, na likizo inapokaribia huanza kutazama picha za meli zenye mabwawa na mikahawa, mahali ambapo familia inalala, inakula na kutembea bila kufungua na kufunga mizigo kila siku. Binti wa kaka yangu aliyeko Birmingham ni mmoja wao. Aliniandikia: "Shangazi, twataka kwenda na mtoto melini mwezi wa nane. Wasemaje?" Nikamwomba anipe muda, kwa sababu si swali la kujibiwa kwa neno moja.

Miezi 6 ni kiwango ambacho kampuni imejiwekea kulingana na zahanati yake ya melini na umbali wa meli kutoka nchi kavu. Ndiyo sababu kiwango hicho kinapanda safari inapokuwa ya mbali. Hali ya mtoto mwenyewe ni jambo jingine, na hilo hakuna karani wa tiketi atakayekuuliza.

Basi tumtazame mtoto. Shirika la Afya Duniani linashauri anyonye maziwa ya mama peke yake hadi miezi 6. Baada ya hapo ndipo anapoanza kuonja uji, kiazi kilichopondwa, ndizi mbivu. Tumbo lake liko shuleni. Kinga aliyotoka nayo kwa mama inaendelea kupungua. Anajifunza kukaa, kisha kutambaa, na chochote atakachokiokota sakafuni kitaishia mdomoni. Mwezi ule ule ambao meli inamfungulia mlango ndio mwezi ambao mwili wake unahangaika na mambo mapya mengi kwa pamoja.

Halafu kuna surua. Hapa Kenya, na Tanzania vilevile, mtoto huchanjwa surua akiwa na miezi 9 na kurudiwa akiwa na miezi 18. Uingereza na Marekani kwa kawaida husubiri afikishe mwaka mmoja. Kwa hiyo mtoto wa Birmingham mwenye miezi saba atapanda meli bila kinga hiyo, na humo ndani atakutana na watu waliotoka kila pembe ya dunia. Icon of the Seas, iliyoanza safari zake Miami mwezi Januari 2024, inaweza kubeba abiria 7,600, na wafanyakazi zaidi ya 2,000 juu yao. Surua inasafiri hewani. Mgonjwa akishatoka chumbani, virusi vyake vinaweza kubaki humo hadi saa mbili. Mzazi anayepita kwenye lifti na mkahawani hawezi kujua ni nani aliyetangulia kupita.

Hili lina dawa, na linaniuma kuona wazazi wengi hawaambiwi. Mamlaka ya afya ya Marekani inashauri mtoto wa miezi 6 hadi 11 anayesafiri kwenda nje ya nchi apewe dozi moja ya mapema, angalau wiki mbili kabla ya kuondoka, kisha dozi zake mbili za kawaida zifuate kwa wakati wake. Nenda kliniki na kadi ya mtoto, mweleze muuguzi njia yote ya safari, bandari kwa bandari. Na kama meli inateremkia upande wetu huku, Mombasa au Zanzibar, uliza pia habari ya malaria na ya homa ya manjano, maana chanjo ya homa ya manjano haipewi mtoto wa chini ya miezi 6, na kwa kawaida husubiri atimize miezi 9.

Kinachonitisha zaidi ni tumbo. Virusi vya noro, vinavyoleta kutapika na kuhara, hupenda mahali ambapo watu wengi wanashika vijiko na vishikio vile vile. Marekani ina mpango maalumu wa kukagua usafi wa meli zinazofika bandari zake: meli hupewa alama kati ya 100, na ikipata 85 kushuka chini imefeli. Matokeo hutangazwa hadharani, kwa hiyo mzazi anaweza kutafuta jina la meli yake kabla ya kulipa. Na ile dawa ya mikono ya kwenye chupa, inayowekwa kwenye mlango wa mkahawa, haiviwezi sana virusi hivi. Sabuni na maji yanayotiririka ndiyo kinga. Mikono ya mtoto ioshwe kila mara, na ya yeyote anayetaka kumbeba ioshwe kwanza, hata kama ataona amedharauliwa.

Kwa sababu hiyo hiyo ya tumbo, mtoto anayevaa nepi haruhusiwi kuingia bwawani, hata akivalishwa zile nepi za kuogelea. Wazazi wengi huligundua hili siku ya kwanza, mtoto ameshavishwa, na huanza kugombana na wafanyakazi. Wafanyakazi hawana kosa. Meli chache zimejenga sehemu ya peke yake ya watoto hao, yenye maji yanayosafishwa mbali na mabwawa mengine. Kama meli yako haina sehemu hiyo, bwawa ulilolionea picha si la mwanao.

Nije kwa daktari. Meli kubwa ina daktari na wauguzi usiku na mchana, ina dawa na vifaa vya dharura, na matibabu unayalipia, tena ghali. Lakini wagonjwa wao wengi ni watu wazima. Daktari wa watoto ni nadra kumkuta. Mtoto wa miezi saba akitapika na kuhara, maji humwishia mwilini upesi na anaweza kulegea ndani ya saa chache. Kumtia dripu mtoto wa namna hiyo, mshipa wake mwembamba kama uzi na mkono wenyewe umevimba mafuta ya utoto, kunataka muuguzi aliyeizoea kazi hiyo kila siku. Meli ikiwa baina ya Barcelona na Marseille, asubuhi iko gatini na hospitali ya watoto iko mjini. Ikiwa katikati ya Atlantiki, helikopta haifiki. Nahodha atabaki na uamuzi wa kuongeza mwendo au kugeuza njia, na mama atabaki na kijiko na maji ya chumvi na sukari usiku kucha.

Hiyo ndiyo tofauti kubwa kuliko zote, na ndiyo inayosahaulika, kwa kuwa matangazo ya safari hizi mbili yana picha zile zile.

Kijana wa jirani yangu hapa Kisauni amefanya kazi ya kutandika vyumba kwenye meli ya kitalii, na nilipomuuliza habari ya watoto wachanga alinieleza mambo ambayo hayamo katika picha hizo. Chumba cha ndani, kisicho na dirisha, ukishakikunjulia kitanda cha mtoto hakina tena nafasi ya kukanyaga. Baba analala, mama anamruka kwenda msalani. Bafu halina hodhi, ni bomba la mvua tu, basi mama anamwogesha mtoto ndani ya beseni la kunawia uso. Birika la umeme limepigwa marufuku kwenye meli nyingi kwa kuhofia moto, kwa hiyo maji ya kuoshea chupa na kukorogea uji huagizwa kwa simu, na simu hizo hulia saa nane za usiku. Kisha akaniambia habari ya roshani. Sheria ya Marekani ya mwaka 2010 inataka ukingo wa meli usipungue inchi 42, kama sentimita 107. Huo ni urefu unaomzuia mtu mzima na unaomzuia mtoto aliyesimama sakafuni. Lakini kiti cha kupunga upepo kikisogezwa hadi ukingoni, mtoto wa miaka miwili anapanda. Kijana huyu alikuwa akiingia chumba chenye mtoto, anaanza kwa kukirudisha kiti ukutani. Jioni anakikuta kimesogezwa tena, kwa sababu wazazi wanataka kuona machweo.

Habari ya mabwawa nayo si ya kupuuza. Kwa miaka mingi meli nyingi zilitundika kibao tu cha kuarifu kuwa hakuna mwokoaji. Disney walitangulia kuweka waokoaji, Royal Caribbean na Norwegian wakafuata mwaka 2017, baada ya watoto kuzama. Si meli zote zilizo nao hadi leo. Uliza kabla ya kulipa.

Na msidhani kuwa tiketi ghali zaidi inamnunulia mtoto matunzo zaidi. Mambo yako kinyume. Kwenye Queen Mary 2 kuna chumba cha kulelea watoto wa chini ya miaka miwili, na Royal Caribbean na Disney wana vyumba kama hivyo kwa malipo ya saa kwenye meli zao nyingi. Ukipanda daraja ukaenda kwenye meli ndogo za kifahari za Silversea au Seabourn, zinazojivunia mhudumu kwa kila chumba na vyakula vya wapishi maarufu, mtoto wa miezi 6 anaweza kukubaliwa, lakini kampuni zenyewe zimejiwekea haki ya kupunguza idadi ya watoto wa chini ya miaka mitatu, na kazi ya kulea ni yako tangu alfajiri hadi usiku. Anasa ile imepangwa kwa ajili ya mtu aliyemaliza kulea.

Wapo abiria wanaolalamika kuwa watoto wachanga wanawaharibia likizo kwa kulia. Kwao sina muda mwingi. Viking na Virgin Voyages hazichukui mtu aliye chini ya miaka 18, na P&O wana Arcadia na Aurora kwa watu wazima peke yao. Anayetaka utulivu ana pa kwenda. Kwingineko mtoto ni abiria kama wengine, na mama asiinamishe kichwa mkahawani kwa kuwa mwanawe analia jino.

Nilimjibu binti wa kaka yangu hivi. Msubiri mtoto atimize mwaka na apate chanjo yake. Achana na kuvuka Atlantiki; chagua mzunguko wa Mediterania wa siku saba, meli inayotia nanga karibu kila siku. Chukua chumba chenye dirisha lisilofunguka, roshani mtaifaidi akikua. Nunua bima inayolipia kuhamishwa mgonjwa, na uisome yote. Beba unga wake wa uji, maziwa yake na nepi za safari nzima, usitegemee duka la melini.

Na siku ya kwanza, kabla ya picha, mwombe mhudumu jaketi la kujiokoa la mtoto mchanga, umvalishe mwanao, uone kama linamkaa. Hiyo ni haki yake. Tangu mwaka 2010 kanuni za kimataifa zinaitaka meli ya abiria inayosafiri saa 24 au zaidi iwe na jaketi la kila mtoto mchanga aliyemo, yaani mwenye uzito wa chini ya kilo 15. Majaketi ya watoto wakubwa yasipungue asilimia 10 ya abiria. Costa Concordia ilipogonga mwamba karibu na kisiwa cha Giglio, Italia, tarehe 13 Januari 2012, kulikuwa na abiria waliopanda jioni ile ile na hawajafanya zoezi la kujiokoa. Walikufa watu 32, na miongoni mwao alikuwamo mtoto wa miaka 5. Kanuni zikabadilishwa, na sasa zoezi linafanyika kabla ya meli kuondoka au mara tu inapoondoka.

Sisi tunaijua habari hii kuliko hao wa Giglio. MV Spice Islander ilizama usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 ikielekea Pemba, imejaza watu kupita kiasi, watoto wengi wakiwemo. Mwaka mmoja haukupita, MV Skagit ikazama tarehe 18 Julai 2012 ikitoka Dar kwenda Unguja. Na kanuni zile za kimataifa hazivifungi vyombo vya safari za ndani; hivyo viko chini ya sheria zetu wenyewe. Mara zote nilizosafiri baina ya visiwa vyetu nimeona akina mama wamepakata vichanga, na nimeona majaketi ya watu wazima yamefungwa juu ya vichwa vyetu. La mtoto wa kilo nane sijawahi kuonyeshwa. Mama akilivaa lake na kumkumbatia mtoto, wimbi moja tu linatosha kumpokonya.

Mamlaka ya Bahari ya Kenya, shirika la TASAC la Tanzania Bara na Mamlaka ya Usafiri Baharini ya Zanzibar wana wakaguzi wanaopanda vyombo hivi. Naomba katika ukaguzi ujao wamwambie nahodha awaletee jaketi la mtoto mchanga, walishike mikononi, wahesabu yako mangapi, na chombo kisicho nayo kisiondoke na kichanga hata kimoja mpaka yaletwe.