Kikulacho ki nguoni mwako: Vile Gove alimruka Boris Johnson na kiti kikabebwa na mtu mwingine

Kama unadhani bifu za wasanii ndizo ziko na drama, basi hujawahi kufuatilia chama cha Conservative cha Uingereza kikitafuta kiongozi. Hawa ni wasee wa suti na tai, wanaitana "mheshimiwa rafiki yangu" bungeni, lakini kiti kikibaki wazi, urafiki unawekwa kando na kila mtu anaanza kuangalia nyuma yake. Na kati ya hizo vurugu zote, ile ya 2016 ndiyo baba yao.

Usikimbilie kusema hiyo ni stori ya wazungu, inakuhusu nini. Kaa hapo kidogo. Kuna kitu ndani yake kitakufanya uangalie habari za usaliti wa kisiasa na jicho lingine kabisa.

Iko hivi. Tarehe 23 Juni 2016, Waingereza walipiga kura ya maoni: tubaki Umoja wa Ulaya ama tutoke? Asilimia 51.9 wakasema tutoke, asilimia 48.1 wakasema tubaki. Asubuhi iliyofuata, Waziri Mkuu David Cameron, aliyekuwa amepiga kampeni ya kubaki, akatoka nje ya nyumba yake ya kazi akasema anaachilia kiti.

Kwa hivyo nchi imeamua kitu kikubwa kuliko vyote kwa miaka 40, na dereva ameshuka gari likiwa barabarani. Nani atashika usukani?

Kila mtu alikuwa na jibu moja: Boris Johnson. Msee alikuwa meya wa London miaka minane, nywele zake utadhani ametoka kuamka sai, na ndiye aliyekuwa sura ya kampeni ya kutoka. Kando yake alikuwa Michael Gove, waziri wa haki. Gove hakuwa na nyota ya Boris, lakini kichwa alikuwa nacho. Na hawa wawili hawakujuana jana. Miaka ya 80 wakiwa Oxford, Boris alikuwa anatafuta urais wa Oxford Union, ile klabu ya midahalo, na Gove alikuwa mmoja wa vijana waliompigia debe. Miaka 30 baadaye mpango ulikuwa ule ule. Boris asimame, Gove awe meneja wa kampeni.

Gove mwenyewe alikuwa amesema hadharani, tena si mara moja, kwamba uwaziri mkuu si kazi yake na hautaki. Weka hiyo kwa kichwa, tutairudia.

Siku sita tu

Lakini dalili zilikuwepo. Cameron pia alikuwa beste wa Gove, familia zao zilikuwa karibu kabisa. Hiyo haikumzuia Gove kumruka mwezi wa pili 2016 akaenda upande wa kutoka. Mtu akishakuruka mara moja kwa sababu ya "msimamo", ya pili huwa rahisi.

Halafu mambo yakaanza kuharibika ndani ya mbogi ya Boris. Mke wa Gove, mwandishi wa gazeti Sarah Vine, alimwandikia mumewe baruapepe akimwambia asikubali kitu kabla Boris hajampa ahadi zinazoeleweka. Kumbe hiyo baruapepe ilienda pia kwa mtu baki kwa makosa. Kabla ya wiki kuisha ilikuwa kwa habari, na nchi nzima ilikuwa inaisoma.

Kulikuwa pia na ngori ya Andrea Leadsom, waziri mdogo aliyekuwa amewika kwa midahalo ya kutoka. Kambi ya Boris ilimtaka. Yeye akataka ahadi ya kazi kubwa, na aitaka kwa maandishi. Iliripotiwa kwamba barua ya ahadi haikumfikia usiku wa tarehe 29 vile walivyokuwa wamekubaliana. Leadsom hakungoja. Akaamua atasimama mwenyewe.

Sasa sikia hii. Tarehe 30 Juni, muda wa kupeleka majina ulikuwa unaisha saa sita mchana. Saa tatu asubuhi na dakika kidogo, Gove akatoa taarifa: ameona kwamba Boris hawezi kutoa uongozi wala kujenga timu ya kufanya kazi iliyoko mbele, kwa hivyo yeye mwenyewe Gove anasimama.

Masaa matatu kabla ya mlango kufungwa! Meneja wa kampeni ameambia dunia kwamba mgombea wake hafai, na kwamba anayefaa ni yeye. Waandishi walikuwa washajaa kwa hoteli moja ya London wakingoja Boris azindue kampeni. Boris akaja, akaongea kirefu vile kiongozi anayekuja anafaa kuwa, halafu mwishoni akasema mtu huyo hatakuwa yeye. Wabunge wake waliokuwa wamekaa mbele walibaki midomo wazi. Aliachwa kwa mataa, na yeye akawaacha wao kwa mataa.

Vita vya panzi

Hapa ndipo watu wengi huachia stori. Wanasema Gove nyoka, Boris maskini, mwisho. Lakini wewe fuata namba.

Tarehe 5 Julai wabunge 329 wa Conservative walipiga kura ya kwanza. Theresa May alipata 165, Leadsom 66, Gove 48, Stephen Crabb 34, Liam Fox 16. Yaani yule aliyempiga chini mtu maarufu zaidi kwa chama hakufikisha hata theluthi ya kura za May. Raundi ya pili ilikuwa mbaya hata zaidi. Mshirika wa Gove, mbunge Nick Boles, alituma meseji kwa watu wa May akiwaomba wampigie Gove ili Leadsom asifike fainali. Meseji ikavuja. Tarehe 7 Julai May akapata 199, Leadsom 84, na Gove akashuka hadi 46. Kwaheri.

Leadsom naye akajichoma mwenyewe. Alihojiwa na gazeti, akaongea kuhusu kuwa mama kwa njia iliyosikika kama anamchapa May, ambaye hana watoto. Tarehe 11 Julai akajiondoa. Siku mbili baadaye May alikuwa Waziri Mkuu, bila hata mwanachama mmoja wa kawaida kupiga kura.

Na huyo May alikuwa nani? Waziri wa mambo ya ndani kwa miaka sita, na kwenye kura ya maoni alikuwa upande wa kubaki! Aliunga mkono kimya kimya, hakupiga kelele, hakukosana na mtu. Wakati panzi wanapigana, kunguru alikuwa amekaa kwa mti anangoja.

Alipoingia, alimfuta Gove kazi. Boris, yule aliyeonekana amekwisha, akapewa wizara ya mambo ya nje. Ukiwa unajifunza siasa, hiyo wiki mbili ni darasa tosha.

Si mara ya kwanza, wala ya mwisho

Westminster kuna msemo wa zamani kwamba aliyeshika kisu havai taji. Uliota mizizi baada ya 1990. Michael Heseltine alimkabili Margaret Thatcher waziwazi, Thatcher akapata kura 204 kwa 152. Alishinda, lakini sheria za chama wakati huo zilitaka tofauti kubwa zaidi, na alipungukiwa na kura nne. Ndani ya siku mbili akasema anaenda. Heseltine akavaa taji? Wapi! Kiti kilichukuliwa na John Major, ambaye wakati moto unawaka alikuwa nyumbani akiuguza jino. Ukweli kabisa, jino.

Ruka hadi 2022. Tarehe 5 Julai, Rishi Sunak alijiuzulu uwaziri wa fedha, serikali ya Boris ikaanza kuporomoka, na tarehe 7 Boris akatangaza anaenda. Liz Truss, waziri wa mambo ya nje, hakujiuzulu. Alikuwa safarini Indonesia. Sunak aliongoza kwa wabunge, lakini kura ilipofika kwa wanachama, wengi walimwona kama msaliti. Truss akashinda 81,326 kwa 60,399.

Umeona mpangilio? Major alikuwa na jino, May alikuwa kimya, Truss alikuwa ndege. Kwa hivyo ukisikia fulani amemruka fulani, usimkodolee macho aliyeshika kisu peke yake. Tafuta aliyenyamaza.

Kwa nini mambo huenda hivyo

Si uchawi. Ni vile sheria za mchezo zimewekwa. Wabunge wanachuja wagombea hadi wabaki wawili, halafu wanachama wanaolipa ada ndio wanachagua. Kura ya mbunge ni ya siri. Anaweza kukukumbatia asubuhi, akuahidi kura, aende akaandike jina lingine, na hutawahi kujua. Mgombea naye anaahidi wizara moja kwa watu watatu. Ahadi haina stakabadhi, kwa hivyo kila mtu anaishi kwa wasiwasi kwamba ameshauzwa. Mtu akiishi hivyo, huona afadhali auze kwanza.

Na kura ya siri ina kumbukumbu ndefu. 2019, May alipoondoka, Boris alisimama tena, na Gove pia. Kwenye raundi ya nne Boris alikuwa na 157, Gove 61, Jeremy Hunt 59 na Sajid Javid 34. Javid akatolewa. Wengi walitarajia Boris azoe sehemu nzuri ya kura zake. Raundi ya mwisho ikawa hivi: Boris 160, Hunt 77, Gove 75. Boris ameongeza tatu peke yake, na Gove ametoka kwa kura mbili! Minong'ono ikaanza siku hiyo hiyo kwamba watu wa Boris walimkopesha Hunt kura ili Gove asifike fainali. Kwa sababu kura ni siri, hakuna wa kuthibitisha. Lakini miaka mitatu ilikuwa imepita, na deni lililipwa ama halikulipwa, kila mtu Westminster alilielewa.

Boris alimshinda Hunt kirahisi kwa wanachama, 92,153 kwa 46,656. Halafu akampa Gove kazi serikalini. Naam, yule yule. 2022 moto ulipowaka, Gove alimwendea akamwambia muda wake umeisha. Usiku huo Boris akamfuta, na mtu wa ofisi yake akaambia BBC kwamba Gove ni nyoka.

Lakini Gove alidanganya?

Hili ndilo swali gumu. Yale Gove alisema 2016, kwamba Boris hawezi kujenga timu, ndiyo mawaziri na wasaidizi zaidi ya 50 walikuja kusema kwa vitendo 2022 walipojiuzulu ndani ya siku chache. Kwa hivyo alikuwa msaliti ama alikuwa mtu aliyesema ukweli mapema?

Ona hivi. Kama angetoka tu aseme "siwezi kumuunga huyu mkono" na aende nyumbani, watu wangebishana kama ana haki. Lakini alisema masaa matatu kabla ya muda kuisha, na jina aliloweka badala ya Boris lilikuwa lake, yeye aliyesema hautaki uwaziri mkuu. Ukweli wako ukija pamoja na faida yako, hakuna atakayesikiliza ule ukweli. Ndiyo maana onyo lake lilipotea, na lilikuwa onyo la maana.

Na gharama hailipwi na hawa wenye suti. Wiki ile ya 2016, nchi ilikuwa imeamua kutoka Ulaya, na wale walioipeleka hapo walikuwa wanachinjana badala ya kusema watatoka vipi. 2022 wanachama wasiofika laki mbili waliichagulia nchi ya watu milioni 67 kiongozi, wengi wakiwa na hasira na "msaliti". Truss alikaa siku 49. Bajeti yake ndogo iliangusha pauni hadi kiwango kibaya zaidi kuwahi kuonekana mbele ya dola, na familia za kawaida zikaona riba za mikopo ya nyumba zikipanda. Julai 2024 wapiga kura wakatoa jibu: Conservative walitoka viti 365 vya 2019 wakaangukia 121.

Gove hakugombea hiyo 2024. Baadaye akawa mhariri wa jarida la The Spectator, kiti ambacho Boris alikalia miaka kadhaa kabla hajawa meya. Hata hapo, bado anamfuata nyuma.

Sasa tuambie wewe. Ukijua beste wako hafai kushika kiti, na zimebaki masaa matatu, ungenyamaza ama ungesema? Na ukisema, ungeandika jina la nani?