Mgodi usijifiche nyuma ya barafu inayoyeyuka

Mabati ya nyumba zetu hayashikwi na kutu haraka kwa sababu yamepakwa zinki. Mmoja wa migodi mikubwa zaidi ya zinki duniani uko Alaska, Marekani, ndani ya eneo la Aktiki. Unaitwa Red Dog, jina lililotokana na mbwa wa rubani Bob Baker, aliyeona madoa ya rangi ya kutu kwenye kijito akiwa angani mwaka wa 1968. Uchimbaji ulianza 1989.

Kazi ngumu pale si kuchimba tu. Ni maji.

Kule, miezi mingi ya mwaka kila kitu kimeganda. Vumbi la madini linatua juu ya theluji na kukaa hapo, halina haraka. Halafu Mei inafika. Theluji inaanza kuyeyuka kwa mpigo huku ardhi iliyo chini yake ikiwa bado ngumu kama saruji, kwa hivyo maji hayana pa kuzama. Uchafu wa majira yote ya baridi unateremka ndani ya wiki chache tu, ukielekea mitoni.

Kampuni ya Teck, inayoendesha mgodi huo, haijakaa bure. Kijito kimechepushwa kisipite kwenye shimo la mgodi, na maji yaliyogusa mawe yenye madini hukusanywa bwawani, yakasafishwa na kuachiliwa wakati mito haijaganda. Hiyo ni sawa. Tukubali pia kwamba kijito hicho kilikuwa na metali nyingi kiasili hata kabla ya mgodi kufunguliwa. Si kila doa ni la kampuni.

Lakini sasa ardhi yenyewe inayeyuka. Barafu iliyokuwa imefungia madini chini kwa maelfu ya miaka inayaachilia, na vijito vinajaa chumvi na metali bila mtu kumwaga kitu. Sheria huweka kikomo cha kiasi ambacho kijito kinaweza kubeba. Kijito kikikaribia kikomo chenyewe, mgodi unabaki na nafasi finyu ya kumwaga maji yake. Ndivyo ilivyotokea 2019: maji yakazuiliwa mgodini, bwawa likazidi kujaa.

Hapo ndipo kishawishi kinapoingia: kulegeza kikomo, kwa hoja kwamba ati tabianchi ndiyo ya kulaumiwa. Sisi tunasema hapana. Kijito kilicholemewa kinahitaji kupunguziwa mzigo.

Waulize watu wa Kivalina, kijiji cha Wainupiat chenye wakazi mia nne hivi. Maji yao ya kunywa hutoka mto Wulik, ulio chini ya mgodi. Huyapiga pampu wakati wa kiangazi na kuyahifadhi kwenye matangi ya kutumia msimu wa baridi, kwa hivyo mto ukiharibika Julai, mtu anakunywa shida hiyo hadi Januari. Baadhi yao walienda mahakamani, na maafikiano ya 2008 yakataja bomba la kupeleka maji ya mgodi hadi baharini. Bomba halikujengwa.

Kuna hatua rahisi zaidi: zuia vumbi lisifike kwenye theluji. Mwaka 2001, watafiti wa mbuga za kitaifa walionyesha kuwa kuvumwani kando ya barabara ya malori ya mgodi ilikuwa na risasi na zinki nyingi. Malori yaliyokuwa yakifunikwa kwa turubai yakawekewa vifuniko vya chuma. Kifuniko tu, wasee! Hakuna mtambo wa kusafisha maji unaoshinda uchafu ambao haujamwagika.

Akiba ya madini inayochimbwa sasa inatarajiwa kuisha mwanzoni mwa miaka ya 2030, ila maji yataendelea kuhitaji kusafishwa kwa muda usiojulikana mwisho wake. Alaska huitaka kampuni iweke dhamana ya fedha kwa kazi hiyo. Hesabu ya dhamana hiyo ifanywe kwa ardhi ilivyo leo, si ilivyokuwa 1989, na wakazi wa Kivalina wawe mezani inapofanywa.