Nyumba ya Pampu Tuigeuze Makazi, Lakini Hati Kwanza

Mtaani kwetu kuna nyumba ya pampu ya maji iliyonyamaza tangu nikiwa mtoto. Kuta zake ni nene, za mawe ya matumbawe na chokaa. Siku hizi barazani pana mabishano: wako wanaotaka ibomolewe kujengwe ghorofa la saruji, na wako wanaotaka igeuzwe nyumba za vijana wanaooa na kukosa pa kukaa.

Mimi niko na hawa wa pili, wala si kwa kupenda ukale. Nilisomea ujenzi, na najua ukuta uliosimama ni gharama iliyokwisha kulipwa. Utengenezaji wa saruji hutoa takriban asilimia 8 ya hewa ukaa duniani. Tena chokaa hupumua. Ukuta wa zamani ukipigwa plasta ya saruji, unyevu na chumvi hufungiwa ndani, na jiwe huanza kumomonyoka. Kugeuza matumizi nako si jambo geni kwetu: Fort Jesus ilikuwa jela hadi 1958, leo ni makumbusho.

Lakini kazi si nyepesi. Vyumba vya nyumba za kale za Lamu ni vyembamba kwa sababu boriti ya mkoko haivuki upana mkubwa. Ukumbi wa mashine ni mpana, kwa hivyo utahitaji kuta za kati. Mikoko nayo haikatwi ovyo; marufuku ya 2018 iliwaumiza sana wakataji wa Lamu. Mvinje unaopandwa mashambani Kilifi na Kwale unaweza kusaidia. Na paa likiwa la asbesto, lisiguswe na fundi asiye na kibali, kwani vumbi lake huua mapafu.

Linalonitia hofu zaidi ni ardhi. Kiwanja ni cha umma, na sisi Wapwani tunajua viwanja vya umma huishia wapi. Tukikarabati kwa jasho letu bila kubadilisha matumizi kisheria, kesho atatokea mtu na hati mkononi. Wafanyakazi wanakatwa asilimia 1.5 ya mshahara kwa ajili ya nyumba. Wana haki ya kuuliza.

Kabla ya fundi kushika mwiko, ofisi ya ardhi itoe rekodi ya kiwanja hadharani, na wakazi waitwe kikaoni. Wazee walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ukuta tunao. Ufa wetu ni hati.