Mgonjwa wa Akili Naye Ana Neno la Kusema

Msikilize Mkenya yeyote anaposimulia habari za jamaa yake aliyeugua akili: alikamatwa, alifungwa kamba, alipelekwa, alidungwa sindano, alilazwa, aliruhusiwa. Vitenzi vyote ni vya kutendwa, na mtendaji daima ni mtu mwingine: baba, chifu, askari, daktari. Mwenye ugonjwa hatendi lolote katika masimulizi hayo, wala hasemi. Lugha yetu, hata hivyo, inatofautisha kuponywa na kupona. Anayeponywa ametendewa na mwingine. Anayepona, kupona huko ni kwake mwenyewe. Hoja yangu katika makala haya ni kwamba mfumo wetu wa afya ya akili umejengwa juu ya neno la kwanza na kulisahau la pili, na kwamba kosa hilo linatugharimu watu.

Kosa hilo lina historia, na historia hiyo ni ya kisiasa. Hospitali ya Mathari ilianzishwa mwaka 1910, enzi ya ukoloni, ikiwa mahali pa kuwatenga wale walioonekana kuvuruga utulivu wa mji. Kuanzia 1938 hadi 1950 iliongozwa na J. C. Carothers, daktari Mwingereza ambaye mwaka 1953 alichapisha kitabu kuhusu akili ya Mwafrika. Humo alimlinganisha Mwafrika mzima wa afya na Mzungu aliyekatwa sehemu ya mbele ya ubongo. Mwaka uliofuata aliandika kuhusu saikolojia ya Mau Mau, na madai ya watu kuhusu ardhi yao yakageuzwa kuwa dalili za maradhi. Ukishaamini kwamba mtu hana akili, huna haja ya kumsikiliza. Kila analosema huwa ni ushahidi wa ugonjwa wake. Wakoloni waliondoka, lakini mantiki hiyo imebaki katika wodi zetu, na mara nyingi imebaki katika nyumba zetu pia.

Katika miaka hiyohiyo, daktari mwingine alijifunza somo tofauti kabisa. Frantz Fanon alifika katika hospitali ya Blida-Joinville nchini Algeria mwaka 1953. Alijaribu kuwatibu wanaume Waislamu kwa shughuli za pamoja zilizokuwa zimefaulu kwa wanawake wa Kizungu katika hospitali hiyohiyo, akashindwa. Hakuwaita wagonjwa wabishi. Yeye na mwenzake Jacques Azoulay walijiuliza watu hawa ni akina nani na maisha yao yakoje. Hapo ndipo ulipofunguliwa mkahawa wa kienyeji, zikaadhimishwa sikukuu zao, akaletwa msimulizi wa hadithi. Fanon alitambua kwamba matibabu yasiyomjua mgonjwa ni aina nyingine ya utawala. Wanaharakati wetu humnukuu sana katika siasa. Ni vyema wamkumbuke pia akiwa tabibu.

Turudi nyumbani. Kenya haikosi sheria. Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya kiwango cha juu cha afya kinachowezekana, na cha 28 kinalinda utu wake. Tuliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa kuhusu Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2008. Juni 2022 Sheria ya Afya ya Akili ilifanyiwa marekebisho makubwa. Sasa inatamka kwamba mtu mwenye ugonjwa wa akili ana haki ya kushiriki katika kupanga matibabu yake, na inamtambua msaidizi ambaye huamua kwa niaba yake kwa kufuata matakwa yake mgonjwa. Maneno hayo ni mazito. Lakini nenda katika kliniki ya akili ya hospitali ya umma asubuhi ya siku ya kliniki, uone foleni, kisha uhesabu dakika ambazo mgonjwa hupewa mbele ya daktari. Mara nyingi swali huulizwa jamaa aliyemsindikiza: "Anaendeleaje?" Mwenyewe ameketi pale pale, anasikia.

Nina binamu ambaye ni mwalimu wa shule ya msingi. Ugonjwa wake humpandisha kwa majuma kadhaa, halali wala hachoki, kisha humtupa chini kwa miezi. Aliandikiwa dawa, akazitumia, akaziacha, akalazwa. Mzunguko huo ukajirudia mara tatu. Katika faili lake paliandikwa kwamba mgonjwa hakubali dawa. Ukoo ulikutana kumjadili, tukiwa watu wazima tisa, naye hakuitwa. Mwishowe muuguzi mmoja kijana alimuuliza swali ambalo hakuna aliyekuwa amemuuliza: "Mwalimu, ukizimeza unajisikiaje?" Akajibu kwamba mikono ilimtetemeka hata hakuweza kuandika ubaoni, na watoto walimcheka. Hakuwa amekataa matibabu. Alikuwa anailinda kazi yake. Kipimo cha dawa kikarekebishwa, akafuatiliwa kwa karibu. Leo anafundisha. Bado ana ugonjwa, na bado kuna majuma mabaya, ila ana darasa, mshahara na jina lake.

Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Wataalamu wanajua mengi ambayo mgonjwa hayajui: jinsi dawa inavyofanya kazi, hatari zake, dalili za kuangaliwa. Mgonjwa naye anajua yale yasiyoandikwa katika kitabu chochote: ni nini humtangulia kabla ya kuugua, ni dawa gani humfanya ajione maiti, ni nani nyumbani humtuliza na nani humchochea. Dawa za zamani kama haloperidoli na klopromazini, ambazo bado ni tegemeo la hospitali nyingi za umma, huweza kukakamaza misuli na kuleta usingizi mzito. Kwa daktari hayo ni madhara madogo ukilinganisha na ugonjwa wenyewe. Kwa fundi cherehani au dereva, ni riziki iliyokatika. Mgonjwa asiposhirikishwa atapiga hesabu hiyo peke yake, gizani, na atazitupa dawa.

Ndiyo maana nasema kupona kuna maana pana kuliko kutoweka kwa dalili. Mtu anaweza kunyamazishwa na dawa akawa hana sauti za kichwani tena, lakini pia hana kazi, hana rafiki, na hana neno nyumbani kwake. Huyo ametulizwa, hajapona. Na yupo ambaye bado husikia sauti hizo mara mojamoja, lakini amejifunza kuishi nazo, analea wanawe na kulipa kodi ya nyumba. Ukiniuliza aliyepona ni nani kati ya hao wawili, sitasita kujibu.

Najua pingamizi la kwanza: mtu aliyerukwa na akili ataamuaje? Swali hilo ni la haki, na sitalikwepa. Zipo saa ambazo mtu huwa hatari kwake mwenyewe au kwa wengine, na jirani hawezi kukaa akitazama. Lakini magonjwa mengi ya akili huja na kuondoka. Kati ya dhoruba mbili kuna kipindi cha utulivu, na hapo ndipo mgonjwa anapopaswa kuulizwa: ukizidiwa, unataka nani aitwe? Dawa ipi isitumike? Watoto wabaki na nani? Majibu yake yaandikwe, yawekwe sahihi, yahifadhiwe katika faili. Kumnyima mtu sauti mwaka mzima kwa sababu ya majuma matatu ya kuchanganyikiwa ni dhuluma iliyovaa koti jeupe.

Pingamizi la pili ni la wahudumu: hatuna muda, tuko wachache. Ni kweli, na aibu hiyo ni ya wanaopanga bajeti. Lakini mgonjwa anayelazwa mara tatu kwa kukosa kuulizwa swali moja anakula muda mwingi zaidi. Isitoshe, si lazima kila swali liulizwe na daktari. Chama cha watu waliopitia magonjwa haya nchini, Users and Survivors of Psychiatry in Kenya, kimeonyesha kupitia vikundi vyake kwamba mtu aliyewahi kuzama humfahamu anayezama. Wanakumbushana dawa, wanasindikizana kliniki, wanasaidiana kueleza matakwa yao mbele ya jamaa. Huo ni utaalamu, na serikali za kaunti zingeweza kuulipa.

Kwa watumishi wa umma wanaosoma makala haya, nina mapendekezo matatu. Kwanza, kila faili la mgonjwa wa akili liwe na ukurasa mmoja wa maneno yake mwenyewe, kwa lugha anayoizungumza, na usomwe kabla ya kubadilisha dawa. Pili, kamati yoyote ya kaunti inayopanga huduma hizi iwe na watu waliowahi kuzitumia, wenye kura, si wa kupigwa picha tu. Tatu, dawa mpya zenye madhara machache zifike katika hospitali za kaunti, kwa maana kumshirikisha mtu katika uchaguzi ilhali kabati lina dawa moja ni kumdhihaki.

Kwa wanafunzi na wanaharakati, kazi ipo. Tarehe 9 Januari 2025, Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu alitangaza kwamba sehemu ya 226 ya Kanuni ya Adhabu, iliyolifanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai, inakiuka Katiba. Kwa miongo mingi, aliyenusurika kifo alikutana na askari kabla ya mshauri. Ushindi huo uliletwa na watu waliokwenda mahakamani. Lakini kifungu cha 83 cha Katiba hiyohiyo bado kinamnyima kura mtu aliyetangazwa kutokuwa na akili timamu. Someni kifungu hicho, mjadili maana yake, mkiwaalika wale kinaowagusa waseme wa kwanza.

Tunapenda kukariri kwamba mficha maradhi kilio humfichua. Ni sawa, lakini methali hiyo inamdai mgonjwa peke yake. Nasi tunadaiwa kitu: kwamba akishayafichua maradhi yake, atakuta mtu anayemuuliza anachotaka, kisha akasubiri jibu.