Boti ndogo, lakini ziko ngapi?

Nimerudi kutoka Kizimkazi juzi nikiwa na swali ambalo nimeona niwatupie wadau: hivi "kikundi kidogo" maana yake nini hasa?

Ukiuziwa safari ya alfajiri kwenda kuwaona pomboo, utaambiwa ni ya watu wachache. Kweli. Boti yetu ilibeba abiria sita, nahodha na kijana wa injini. Tuliondoka ufukweni kiza hakijaisha vizuri, bahari shwari, hakuna aliyekuwa na hamu ya kuongea. (Wale mnaotaka jua lichomoze baharini, msije huku. Kizimkazi inatazama magharibi, jua linatokea nyuma yako juu ya minazi. Nendeni Paje au Jambiani.)

Halafu pomboo wakaibuka, na boti nyingine nazo zikaibuka. Nilihesabu kumi na nne nikaacha. Kila moja na watu wake wachache! Ukijumlisha, hapo ni Kariakoo mchana. Injini zinanguruma, manahodha wanakatana njia, watu wanaambiwa "ruka, ruka", pomboo wanazama, boti zinageuka kuwafuata. Watafiti waliowafuatilia pomboo wa pwani hii waliona kwamba boti zikiwakaribia, wanapumzika kidogo na kutumia muda mwingi kuhama. Na wengine wana watoto wanaonyonya, jamani.

Najua nitaambiwa niwaache watu watafute riziki. Sawa. Tena zamani pomboo hao hao walikuwa wakivuliwa, nyama yao inakuwa chambo cha papa, mpaka katikati ya miaka ya 1990. Utalii ndio uliofanya pomboo aliye hai awe na faida kuliko aliyekufa. Ghuba ya Menai ikawa eneo la hifadhi mwaka 1997. Kwa hiyo anayetaka safari hizi zifutwe, mimi simo.

Ila nilimuuliza nahodha wetu, mtu mzima, kwa nini tusisimame mbali kidogo. Akacheka. "Mwanangu, nikisimama mbali mgeni ananuna, bakshishi sipati, na kesho anaitwa mwengine."

Hapo ndipo penye kazi. Nahodha mmoja akizima injini peke yake anajikata mguu. Wakikubaliana wote kwenda kwa zamu, boti mbili tatu kwa wakati, hakuna anayepoteza mteja. Hilo linahitaji mtu wa kulisimamia pale pale majini, alfajiri, si karatasi iliyobandikwa ofisini. Na sisi wa Dar tunaopanda boti ya saa moja asubuhi Ijumaa ili Jumamosi tuwe na picha, tuache kupima safari kwa nani kamgusa pomboo. Mimi sikuruka majini, na niliwaona vizuri tu.

Bakshishi nilimpa. Waliokwenda mwaka huu, nyie mlikuta boti ngapi?