Kidonge cha siri na dawa ya moyo: kunyamaza mbele ya munganga kunaweza kuua

Siku hizi katika miji yetu ya mashariki, si lazima mutu aingie farmasi ili apate dawa ya kuongeza nguvu za kiume. Iko sokoni, iko kwenye meza ndogo pembeni ya barabara, iko ndani ya sakoshi ya kijana anayezunguka jioni kwenye mabaa. Anauza kidonge kimoja kimoja, bila karatasi ya maelezo, bila kuuliza swali hata moja. Na mwenyi kununua anapenda vile, juu hataki mutu amuulize kitu. Hapo ndipo hatari inaanzia.

Dawa inayojulikana zaidi ni sildenafil, ile watu wengi wanaita Viagra. Wachache wanajua kama ilianza kutafutwa juu ya moyo. Watafiti wa kampuni Pfizer, kule Uingereza, walitaka kusaidia wagonjwa wenye maumivu ya kifua. Kwa moyo haikuleta matokeo waliyongojea, lakini wanaume waliojaribiwa wakaeleza jambo lingine. Mwezi wa 3 mwaka 1998, Marekani ikairuhusu kwa shida ya nguvu za kiume. Kwa hiyo hii dawa haigusi sehemu moja tu ya mwili. Inagusa mishipa ya damu mwili mzima.

Sasa, kuna dawa za moyo zinazoitwa nitrati. Mugonjwa mwenyi maumivu ya kifua anaweza kupewa trinitrini chini ya ulimi, ao isosorbidi ya kumeza. Nitrati zinaongeza mwilini kemikali moja inayolegeza mishipa, ili damu ipite na moyo upumzike. Sildenafil nayo inazuia mwili kuivunja kemikali ileile. Ni kama beseni: dawa moja inafungua robine, ingine inaziba tundu la kutolea maji. Beseni inafurika. Mishipa inalegea kupita kiasi, tansiyo inaanguka gafula, damu haifiki vizuri kwenye ubongo wala kwenye moyo wenyewe. Mutu anazimia, na anaweza kufa.

Tuchukue mfano. Papa mumoja wa miaka 58 amekunywa kidonge saa mbili za usiku. Usiku wa manane kifua kinaanza kumubana. Mama watoto anaita motari, wanakimbia kituo cha afya. Muuguzi anaona mutu wa moyo, anatafuta trinitrini. Muke hajui habari ya kidonge. Papa anajua, lakini mbele ya muke, mbele ya kijana mwenyi umri wa mutoto wake, anapata haya na kunyamaza. Muuguzi anafanya kazi yake vizuri, na ile dawa ya kuokoa ndiyo inamumaliza mugonjwa.

Mutu aliyekunywa sildenafil hapaswi kupewa nitrati mbele ya saa 24 kupita. Kwa tadalafil, ile inayokaa mwilini muda murefu zaidi, ni saa 48. Na mwenyi kutumia nitrati kila siku hapaswi kugusa hizi dawa hata kidogo. Hatari haiko kwa nitrati peke yake. Dawa fulani za prostati zinateremusha tansiyo pia. Ritonaviri, inayopatikana ndani ya dawa fulani za Sida, inafanya sildenafil ipande sana katika damu.

Juu ya nini hii shida inakomaa kwetu? Kwanza ni haya. Kwetu mwanaume anaweza kusema ana malaria, anaweza hata kusema ana sukari, lakini hii hapana. Pili ni biashara. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2017 kama katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati, dawa moja kwa kumi ni ya uongo ao haina kiwango. Na vitu vingine vinavyouzwa kama mizizi ao asali ya nguvu vimeshapimwa katika nchi mbalimbali, vikakutwa na sildenafil ndani bila kuandikwa. Mutu anafikiri anakunywa miti ya kienyeji, kumbe amekunywa kidonge kilekile, kwa kipimo asichokijua. Tatu ni vita. Mutu aliyekimbia nyumba yake mara nyingi ameacha karatasi zake za hospitali, na muuguzi anayemupokea usiku hana fishi ya kuangalia. Kitu kinachobaki ni mudomo wa mugonjwa. Mudomo ukifungwa, muuguzi anatibu katika giza.

Kuna jambo lingine wanaume wanapaswa kulijua. Nguvu zikipungua, mara nyingi si uchawi wala uzee tu. Mishipa ya sehemu ile ni midogo kuliko ya moyo, kwa hiyo inaweza kuziba mbele. Tansiyo, sukari na ugonjwa wa moyo vinaweza kujionyesha pale kwanza, hata miaka kadhaa mbele ya kifua kuuma. Anayeficha hiyo alama kwa kidonge cha barabarani anazima taa ya hatari na kuendelea na safari.

Hatusemi sildenafil ni sumu. Wagonjwa wengi wa tansiyo wanaweza kuitumia, kama munganga ameangalia moyo wao na dawa zao zingine. Wengine wanaacha dawa ya tansiyo juu wanaona inawapunguzia nguvu. Usiiache peke yako. Rudi kwa munganga, anaweza kuibadilisha.

Papa, kaka, ukifika hospitali na kifua kinauma, sema umekunywa nini na saa ngapi, hata kama ni ya mizizi. Ukiona haya mbele ya familia, omba watoke kidogo. Mama, ukijua ao ukishuku, mwambie muuguzi pembeni. Na ninyi wauguzi, msingoje mugonjwa aanze. Ulizeni kila mwanaume, kwa sauti ya chini, mbele ya kuweka trinitrini chini ya ulimi. Ni swali la nusu dakika.